Kitabu Chenyewe Umekisoma?

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, na hasa ile sehemu inayowatoa watoto wetu jasho kuliko zote: maswali ya vitabu teule. Najua wengi wetu mambo hayo tumekwisha kuyasahau. Lakini mtoto akiwa kidato cha nne, nyumba nzima iko kidato cha nne.

Nianzie Goweko. Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora mjini, katika Wilaya ya Uyui. Dada yangu ameolewa huko, kwa wakulima wa tumbaku na mahindi. Wakati wa likizo ya Juni nilikwenda kumjulia hali. Mpwa wangu, binti yake wa kwanza, anasoma shule ya bweni mbali na hapo, naye alikuwa nyumbani. Alinipokea mzigo, akaniamkia, na usiku baada ya chakula akaja na bahasha.

"Shikamoo mjomba. Naomba unisaidie Kiingereza."

Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa saba za fotokopi, zimefifia hata maneno mengine hayasomeki. Vijana huziita madesa. Kurasa saba hizo zilibeba riwaya mbili na tamthilia mbili: majina ya wahusika, orodha ya dhamira, na mafunzo. Nikamwuliza, "Kitabu chenyewe umekisoma?"

"Hapana, mjomba. Sisi tunakariri hizi."

Asubuhi dada yangu akanieleza jambo ambalo binti hakulisema. Mshenga alikuwa amekwisha kufika mara mbili kuleta posa. Baba mtu hakukataa, wala hakukubali. Alisema wangoje matokeo. "Kaka," dada akaniambia, "akifaulu, nitakuwa na neno la kumwambia baba yake. Akifeli, sina."

Basi, msikilizaji, zile kurasa saba nikaziona kwa macho mengine.

Yanipasa kukiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuanguka katika shimo hilo. Nilipokuwa kidato cha nne, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilikariri muhtasari wa The Lion and the Jewel, tamthilia ya Wole Soyinka wa Nigeria, bila kuufungua hata ukurasa mmoja wa kitabu. Katika chumba cha mtihani nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba Baroka ni baba yake Sidi. Baroka si baba yake. Baroka ndiye mzee anayetaka kumwoa Sidi, na mwishoni anamwoa. Nadhani msahihishaji wangu alicheka sana siku hiyo. Alama sikuzipata.

Sasa tuangalie swali la vitabu teule linataka nini. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, hufanyika mwezi Novemba. Katika karatasi ya Kiingereza, mtahiniwa huchapiwa orodha ya vitabu, kisha mara nyingi huulizwa swali la insha linalomtaka atumie kazi mbili kutoka katika orodha hiyo, na atoe hoja kutoka kila moja. Swali haliulizi, "Tusimulie hadithi." Swali hutoa kauli, kisha humwambia mtahiniwa athibitishe. Na uthibitisho hauwi jina la dhamira. Uthibitisho ni tukio: nani alifanya nini, kwa nini, na likatokea nini.

Nitatoa mfano. Tuseme mtahiniwa ameambiwa ajadili suala la mahari akitumia tamthilia mbili. Desa la mpwa wangu lilikuwa na jibu tayari, mstari mmoja tu: katika tamthilia zote mbili mahari humkandamiza mwanamke. Tamthilia hizo ni The Lion and the Jewel na Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kamerun, vitabu ambavyo vimekuwa katika orodha ya shule zetu kwa miaka mingi.

Mtu aliyesoma vitabu hivyo hawezi kuandika mstari ule. Katika tamthilia ya Oyono-Mbia, Juliette ni msichana wa sekondari. Anarudi nyumbani na kukuta baba yake, Atangana, amekwisha kupokea faranga 100,000 kwa kijana mkulima, kisha anapokea 200,000 kwa mtumishi wa serikali, na mwenyewe Juliette hakuulizwa. Anakataa. Anasema, kwa maana yake, kwamba yeye si bidhaa. Halafu anazichukua fedha zile kwa siri na kumpa mwanafunzi anayempenda, ili naye aje alipe mahari 300,000. Yaani ukoo unalipwa kwa fedha zake wenyewe!

Ama katika tamthilia ya Soyinka, mambo yamepinduka. Anayepinga mahari ni mwalimu Lakunle, mwanamume. Anayeidai ni Sidi, msichana mwenyewe. Kwake yeye, kuolewa bila mahari ni aibu. Watu watasema alikuwa na kasoro. Kwa hiyo kitu kile kile ambacho Juliette anakiona minyororo, Sidi anakiona heshima. Je, hapo mahari inamkandamiza mwanamke au inamlinda? Mtahiniwa anayeweza kuuliza swali hilo, na kulijibu kwa matukio, msahihishaji atamjua mara moja kwamba huyu kasoma. Na mwenye desa atamjua vile vile.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Desa hutoa jibu lililokatwa kabla swali halijaulizwa. Swali likibadilika kidogo, jibu halivai tena. Kitabu ni jora zima la kitambaa. Swali lolote likija, unakata kwa kipimo chake.

Lakini kitabu tukipate wapi? Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu ualimu, aliposikia habari hizi alikwenda kufungua sanduku lake, akatoka na Three Suitors: One Husband isiyo na jalada. Nakala moja, na vijana wa kidato cha nne waliokuwa likizoni pale Goweko walikuwa sita.

Nikakumbuka historia ya sehemu zile. Mashariki hiyo ya Tabora ndiko misafara ya karne ya 19 ilikopita, ikitoka pwani ya Bagamoyo, ikivuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, na kufika Tura kabla ya kuingia Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kuliko wote. Mzigo mrefu au mzito uliomshinda mtu mmoja ulifungwa kwenye mti ukabebwa na wawili. Mbele alitangulia kirangozi, na safari ya miezi iligawanywa kwa vituo. Hakuna aliyejaribu kuimaliza kwa usiku mmoja, kama wafanyavyo watahiniwa wetu wiki ya mwisho.

Tukafanya hivyo hivyo. Jioni mbili tulikaa uani, tukagawana wahusika, nakala ile ikapita mkono kwa mkono. Mimi nilipewa Atangana. Nilipokuwa chuo cha uandishi wa habari nikisomea diploma, mkufunzi wangu alituambia kwamba mtu hawezi kusoma kwa sauti jambo asilolielewa, msikilizaji atamgundua. Ni kweli pia kwa wanafunzi. Kila kijana aliposoma sentensi kama mtu anayehesabu mawe, tulijua hapo hajaelewa, tukasimama, tukaulizana.

Kila baada ya sehemu moja, niliwataka wasimulie kwa Kiswahili. Wapo watakaonilaumu kwa hili. Lakini watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wa Goweko nyumbani huongea Kinyamwezi. Kiingereza kama lugha ya kufundishia hukutana nacho kidato cha kwanza, mgeni aliyekuja na amri. Akili ikilielewa jambo kwa lugha iliyoizoea, kalamu hupata cha kutafsiri. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's hapo hapo Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar, mwaka 1963, na The Merchant of Venice, mwaka 1969. Kiingereza chake hakikupungua kwa kazi ile.

Ilikuwa wakati wa kusimulia kwa Kiswahili ndipo shemeji yangu, aliyekuwa amekaa pembeni akitengeneza jembe, aliponyanyua kichwa. "Kwa hiyo yule baba," akauliza, "alipokea fedha za watu wawili kwa binti mmoja?"

"Ndiyo, baba," akajibu mpwa wangu.

"Na binti hakuulizwa?"

"Hakuulizwa, baba."

Shemeji akarudi kwenye jembe lake. Hakuna aliyesema neno, nasi tukaendelea na sehemu iliyofuata.

Sasa, kwa faida ya wenye watahiniwa nyumbani, nieleze utaratibu niliowaachia vijana wale.

Kwanza, wapate orodha iliyo sahihi kwa mwaka wao kutoka kwa mwalimu wa somo, maana orodha hubadilika. Kisha wachague riwaya mbili, tamthilia mbili na mashairi machache, wavisome hivyo kwa kina. Vitabu vinne vinavyojulikana vema ni bora kuliko kumi vya kusikia.

Pili, kila mmoja awe na daftari la ushahidi. Kwa kila sura aandike nani, wapi, alifanya nini, kwa sababu gani, na matokeo yake. Kwa mfano, katika Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, haitoshi kuandika kwamba Njoroge anapenda elimu. Aandike kwamba mama yake, Nyokabi, anampeleka shule ingawa hali ni ngumu. Kwamba vita vya Mau Mau vinamfuata hadi shuleni Siriana na kumtoa. Kwamba mwishoni anataka kujinyonga, na sauti ya mama yake ndiyo inayomrudisha. Hayo ni matukio matatu, na yanajibu maswali ya elimu, ukoloni, familia, matumaini na kukata tamaa.

Tatu, mashairi yasomwe kwa sauti, na si mara moja. Ajiulize nani anasema, anamwambia nani, ana hisia gani, na ni picha gani inayorudiwa. Akikimbilia dhamira kabla ya kujua nani anasema, atapotea.

Nne, afanye mazoezi kwa saa. Asome swali mara mbili, apigie mstari neno linaloamuru: jadili, linganisha, thibitisha. Katika utangulizi ataje vitabu na waandishi. Kila aya iwe na hoja moja, tukio moja, na sentensi moja ya kuirudisha hoja kwenye swali. Kiingereza kiwe chepesi. Sentensi fupi iliyo sahihi ina faida kuliko ndefu iliyovunjika mgongo.

Tano, desa lisichomwe moto. Lisomwe baada ya kitabu, kwa kulisahihisha. Mpwa wangu alipomaliza tamthilia ile, alichukua kalamu nyekundu akapitia ukurasa wa desa lake. Alipata makosa manne.

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji uliyenunua gazeti hili mjini, neno langu la mwisho ni kwako. Wengi wetu tuna mpwa, mdogo au binamu kule tulikotoka. Anapopiga simu kuomba fedha ya tuisheni, tunatuma, na tunajiona tumemaliza. Safari hii muulize ni vitabu gani anavyosoma, na je, anavyo? Kisha pita dukani ununue kimoja, hata kilichotumika, ukiweke kwenye treni au basi. Nakala moja ikifika penye vijana sita, itasomwa na sita.

Mimi nilipeleka viwili, The Lion and the Jewel na Weep Not, Child, kwa mkono wa msafiri wa treni. Wiki iliyofuata nikapata ujumbe kutoka Goweko. Haukuwa wa shukrani. Ulikuwa swali: "Mjomba, Sidi anasema hataki kuolewa bila mahari, lakini mwisho anamchagua Baroka kwa hiari yake au kwa kuwa amekwisha kudanganywa?"

Sikumjibu. Nilimwandikia arudi kwenye kitabu, atafute ushahidi, aniandikie insha kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu, kwa dakika arobaini. Ninaingoja.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.