Tone Jekundu Chini ya Gari: Jinsi ya Kutafuta Asili ya Uvujaji katika Usukani wa Hidroliki

Mjomba wangu, mkazi wa Mikindani, anamiliki gari aina ya Mercedes-Benz lililoundwa mwaka 1984. Ni la mfululizo wa W123, ambao ulitengenezwa Ujerumani kuanzia mwaka 1976 hadi 1986, na idadi yake ilizidi milioni mbili na nusu. Wakati huo magari ya namna hiyo yalikuwa ya wakubwa, na ndiyo yaliyotupatia neno “Wabenzi”. Leo gari la mjomba hukodishwa kwa harusi, na usiku hugeuka kuwa gari la wagonjwa la mtaa mzima, bila malipo.

Kwa muda wa mwaka mmoja gari hilo lilivuja oili ya usukani. Fundi alibadilisha kizibo cha mpira, ambacho mafundi hukiita sili, katika sehemu ya chini ya boksi la stelingi. Baada ya majuma machache oili ikaonekana tena mahali pale pale. Akabadilisha mara ya pili, na matokeo hayakuwa tofauti. Kisha usiku mmoja, mjomba alipokuwa akimkimbiza jirani mjamzito kwenye Hospitali ya Ligula, pampu ilianza kulia na usukani ukawa mzito kama wa lori la zamani. Walifika salama, lakini mzee yule, mwenye umri unaozidi miaka sabini, alilikata kona la mwisho kwa kuusukuma usukani kwa kifua. Siku ya pili yake akanipigia simu. “Njoo na fizikia yako, mpwa wangu,” akasema, “maana sili zimenishinda.”

Kabla ya kulala chini ya gari, yatupasa kwanza kuelewa kile kinachotendeka ndani yake. Injini huzungusha pampu kwa njia ya mkanda. Pampu huvuta oili kutoka katika kopo lake na kuisukuma, kupitia mpira imara, hadi kwenye boksi la stelingi. Dereva azungushapo usukani, valvu hufunguka upande mmoja na oili ikamsukuma pistoni, naye pistoni akasaidia kugeuza magurudumu. Baada ya hapo oili hurudi koponi kwa mpira mwingine, ambao hauna kanieneo kubwa.

Nguvu ya mtambo huu yatokana na kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mwalimu anaweza kuionyesha darasani kwa mabomba mawili ya sindano, moja dogo na moja kubwa, yaliyounganishwa kwa kimpira na kujazwa maji. Kidole kimoja kwenye bomba dogo chatosha kulishinda dole gumba kwenye bomba kubwa. Katika gari, kanieneo yaweza kufikia paskali milioni 8 pindi usukani unapokazwa sana, yaani takriban mara arobaini ya upepo uliomo katika tairi. Tukichukua mfano wa pistoni yenye eneo la sentimita 40 za mraba, kani yake itakuwa nyutoni 32,000, ambayo ni sawa na uzito wa zaidi ya tani tatu. Oili iliyo chini ya kani kama hiyo haikosi kuutafuta upenyo.

Inafaa hapa kumkumbuka mhandisi wa Kimarekani, Francis Davis, aliyefanya kazi katika kampuni ya malori ya Pierce-Arrow, na ambaye mnamo miaka ya 1920 aliunda usukani wa hidroliki uliofaa kwa magari. Mitambo ya hidroliki ya wakati wake ilifunga valvu na kuibana oili muda wote, ikingojea kazi. Davis aliigeuza kanuni hiyo. Aliiacha valvu wazi, oili ikazunguka bila kubanwa, na kanieneo ikapanda pale tu dereva alipokata kona. Hata hivyo ilibidi kungojea hadi mwaka 1951 ndipo kampuni ya Chrysler ilipouweka usukani wa hidroliki katika magari ya kuuzwa kwa watu wote.

Ubunifu huo wa Davis ndio unaotupa ufunguo wa uchunguzi. Kwa kuwa kanieneo haiko sawa wakati wote wala mahali pote, wakati wa kuvuja hutueleza mahali pa kuvuja. Oili inayotoka injini ikinguruma na usukani ukizungushwa yatoka upande wa kanieneo kubwa: mpira imara, maungio yake, au sili za boksi. Oili inayodondoka gari likiwa limelala yatoka mahali palipo chini ya usawa wa oili iliyomo koponi, ikisukumwa na uzito wake yenyewe. Na kuna uvujaji wa tatu, ambao huwachanganya hata mafundi wazoefu. Upande wa pampu unaovuta, kanieneo huwa pungufu kuliko ile ya hewa iliyo nje. Ufa ukiwa hapo, injini inapofanya kazi oili haitoki. Badala yake hewa ndiyo inayoingia. Oili huwa na povu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, na pampu hulia. Injini ikizimwa, povu hutulia na tone hudondoka.

Nilipofika Mikindani nilimkuta fundi amekwisha kukaa karibu na gari, sili ya tatu mkononi. Ilikuwa imesafiri kwa basi kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 550. (Wale waliosubiri kivuko cha Rufiji pale Ndundu kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003 watakubali kwamba siku hizi hiyo si safari.) “Mwalimu, oili inatokea hapa, hata kipofu ataigusa,” akaniambia, naye alisema kweli: chini ya boksi palikuwa pamelowa. Lakini oili hushuka. Gari likienda, upepo nao huirudisha nyuma. Mahali tone linapoangukia ni mwisho wa safari yake, nasi tulikuwa tukitafuta mwanzo.

Tulianza na usafi. Injini ikiwa baridi kabisa, tulisugua pampu, mipira na boksi kwa brashi na mafuta ya taa, tukaosha kwa maji ya sabuni, tukakausha kwa kitambaa. Tukajaza oili hadi kwenye alama. Kisha nikatwanga vijiti viwili vya chaki, nikapuliza unga wake juu ya kila ungio. Unga wa chaki huinyonya oili na kubadilika rangi mara moja, hivyo hauna budi kusema ukweli. Tukatandika kadibodi chini ya gari, tukaenda zetu kulala.

Asubuhi, chaki iliyokuwa juu ya boksi ilikuwa na mfereji mwembamba mwekundu. Tuliufuata kwenda juu. Ulipanda kwenye mpira wa kurudishia oili, sentimita baada ya sentimita, hadi kwenye kopo la pampu, chini ya klipu inayoubana mpira huo. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa joto la miaka mingi na kupasuka nyuzi nyuzi chini ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki. Oili ilitoka hapo, ikateremka juu ya mpira, ikazunguka boksi na kudondokea chini ya sili, nayo sili ikabeba lawama. Kipande cha mpira mpya wa oili na klipu mbili vilipatikana Mtwara mjini kwa bei ndogo kuliko nauli ya ile sili.

Kwenye kadibodi tulihesabu alama ya uvujaji wa karibu tone moja kwa dakika. Wanafunzi na wapige hesabu wenyewe. Matone ishirini ya oili ni mililita moja hivi. Siku moja ina dakika 1,440, basi hizo ni mililita 72. Na kwa juma zima ni zaidi ya nusu lita, katika mtambo unaobeba lita moja na ziada. Ndiyo maana pampu ililia usiku ule: ilikuwa ikivuta hewa.

Ningependa kusema kwamba kazi iliishia hapo. Haikuishia. Tulirudia chaki, safari hii injini ikinguruma na mjomba akiuzungusha usukani kushoto na kulia, na utando mwembamba wa oili ukajitokeza kwenye sili ya chini ya boksi. Uvujaji ulikuwa mdogo sana kuliko ule wa kwanza, lakini ulikuwepo. Fundi akanitazama bila kusema neno, nami nikakubali kwamba hakuwa amekosea kabisa.

Nitoe onyo hapa, hasa kwa vijana. Usipapase kwa mkono mpira wa kanieneo kubwa wakati injini inafanya kazi. Oili inayotoka katika tundu dogo kama ncha ya sindano yaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake, ingawa laonekana dogo, huhitaji daktari wa upasuaji haraka. Tumia kipande cha kadibodi. Aidha, oili ikirukia bomba la moshi lililopata moto yaweza kuwasha gari zima.

Boksi lilipofunguliwa tuliona kwa nini sili mbili zilikufa upesi. Shafti inayotoka chini ya boksi ilikuwa na vishimo vya kutu, vidogo kama alama za tetekuwanga, mahali pale hasa ambapo mdomo wa sili huigusa. Mdomo wa sili huelea juu ya utando wa oili wenye unene wa maikromita chache tu. Unywele wa mtu ni mnene kuliko utando huo mara nyingi. Kishimo ambacho kidole hakikihisi ni bonde kubwa kwa oili, na kingo zake ni tupa kwa raba. Sili mpya juu ya shafti hiyo ilikuwa ikisagwa kila kona iliyokatwa.

Kutu hiyo ina anwani. Mjomba hupeleka maharusi Msimbati, ambako njia ni ya mchanga, na pepo za baharini, kusi na kaskazi, hupaka chumvi kila kitu. Kloridi ya sodiamu ina tabia ya kufyonza mvuke kutoka hewani mara unyevuanga unapozidi asilimia 75, jambo la kawaida usiku katika pwani hii hadi kwenye mlango wa Ruvuma. Kwa hiyo chuma chenye chumvi hubaki kimelowa hata kama mvua haikunyesha, na maji hayo ya chumvi, yakiwa yamejaa ayoni, hurahisisha mwendo wa umeme mdogo unaokila chuma. Mchanga nao una hatia yake. Kugeuza magurudumu yaliyozama, gari likiwa limesimama, hupandisha kanieneo hadi valvu ya usalama ifunguke. Kuukaza usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo kwa zaidi ya sekunde chache ni kuichemsha oili na kuzipika sili.

Vishimo vingekuwa haba tungeisugua shafti kwa msasa laini wenye oili, kwa kuizunguka, kamwe si kwa urefu wake. Vilikuwa vingi, basi fundi akapata shafti nzima kutoka kwa boksi la gari chakavu la aina ile ile. Kabla ya kuchomoa mkono wa stelingi alitia alama kwenye meno yake ili urudi palepale, na nati yake akaikaza kwa kipimo. Kwa kazi hii kukisia hakuruhusiwi. Mwishowe tuliinua magurudumu ya mbele na kuzungusha usukani polepole, injini ikiwa imezimwa, tukiongeza oili hadi mapovu yalipokoma.

Juu ya oili yenyewe nina neno kali kidogo. Katika dharura nimeona watu wakijaza mafuta ya breki kwenye kopo la usukani. Sili za usukani kwa kawaida ni za mpira wa nitrili, ambao huistahimili oili ya petroli. Mafuta ya breki yana asili ya glikoli, na huzivimbisha na kuzilegeza. Kinyume chake pia ni kweli: oili ya petroli huharibu raba za breki. Mwanafunzi akiloweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli katika mafuta ya taa na kingine katika maji, kisha akavipima baada ya siku tatu, ataona kilichotokea. Dawa za dukani za “kuzuia kuvuja” nyingi hufanya kazi kwa kuvimbisha raba vivyo hivyo. Zaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini haziwezi kujaza vishimo vya shafti.

Sasa mjomba huosha upande wa chini wa gari kwa maji baridi kila arudipo kutoka Msimbati, na shafti ameifunika kwa grisi nzito. Kila Ijumaa hutandika kadibodi. Ile ya juma lililopita alinionyesha ikiwa na doa moja, jeusi, kando kabisa ya mahali tulipohangaika. Nililinusa. Ni oili ya injini, na fundi amekwisha kuitwa. Nimemsihi aje na chaki kabla ya kuagiza gasketi.