Masisi: Karakana ya programu za masomo inayoweza kubebwa hadi Kashuga

Kashuga iko kwenye barabara inayotoka Mweso kuelekea Kalembe, pale Masisi inapokaribia Walikale, jimboni Kivu ya Kaskazini. Kwa miaka mingi wakaaji wake wamepokea wahamaji wa vita, na mara nyingine wao wenyewe wamelazimika kufunga mizigo na kukimbia. Kila mara vita inaporudi, kama ilivyofika Mweso mnamo Januari 2024, masomo yanakatika. Vitabu vinabaki nyuma, darasa linageuka mahali pa kulala, na mwalimu anakimbilia upande wake.

Ndiyo maana wazo la kufundisha watoto kwa tableti linavutia wengi. Tableti moja inabeba hadithi, hesabu na alfabeti, na inaweza kufanya kazi bila intaneti. Lakini kuna swali ambalo halisikiki sana: programu hiyo ikikwama, au ikitumia maneno ambayo mtoto wa Masisi hayajui, nani ataitengeneza? Jibu linategemea kitu ambacho mafundi wanakiita mazingira ya kutengenezea programu. Kwa maneno mepesi, ni karakana: kompyuta iliyopangwa pamoja na vyombo vyote vya kufungua programu, kuibadilisha na kuijaribu.

Somo kutoka Tanga

Mfano mkubwa wa karibu unatoka Tanzania. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014 na lenye zawadi za dola milioni 15, liliomba mafundi wa dunia watengeneze programu ambayo mtoto angeitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Programu tano zilizofika fainali zilijaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji vya mkoa wa Tanga, kwa muda wa miezi 15. Tableti zilichajiwa kwa nguvu za jua.

Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Ni hatua kubwa, ingawa inaonyesha pia kwamba watoto wengi walibaki nyuma na kwamba mwalimu bado anahitajika. Mnamo Mei 2019, onebillion na Kitkit School ziligawana ushindi.

Kwa Kivu, jambo la maana zaidi lilikuwa katika masharti ya shindano. Programu zote tano zilipaswa kuachwa wazi, ili yeyote aweze kuchukua msimbo wake, kuubadilisha na kugawa alichotengeneza. Kijana wa Masisi ana haki hiyo sawa na fundi wa Marekani au Korea Kusini. Anachokosa ni karakana.

Sombe na kisamvu

Haki hiyo ina maana kwa sababu Kiswahili cha Tanga si kile cha Masisi. Majani ya muhogo ambayo mtoto wa Tanga anayaita kisamvu, mtoto wa Kashuga anayaita sombe. Mchicha kwake ni lengalenga. Somo la hesabu linalotumia shilingi halimsaidii sana anayetumwa sokoni na franka. Tena, watoto wengi wa eneo hili wanaongea Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga nyumbani kabla ya kukutana na Kiswahili, na baadaye Kifaransa kinawangoja shuleni.

Mtoto anayeanza kusoma hutegemea neno analolijua tayari kwa masikio. Akiona picha ya sombe na kusikia neno geni, anapaswa kujifunza vitu viwili kwa pamoja. Kubadilisha neno hilo si kazi kubwa. Katika programu nyingi za Android, maneno yanayoonekana kwenye kioo yamewekwa katika faili la pembeni, na sauti ni mafaili yanayoweza kurekodiwa upya. Hata hivyo, baada ya kubadilisha, programu lazima ijengwe upya, na hapo ndipo karakana inahitajika.

Pakua mjini, fanya kazi kijijini

Vyombo vyenyewe ni vya bure. Kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inaweza kuanza kazi, ingawa 16 inafaa zaidi. Mfumo wa Linux, kama Ubuntu, haulipiwi. Android Studio inajenga programu za tableti. Git, iliyoanzishwa mwaka 2005, inahifadhi historia ya kila badiliko, ili fundi akikosea aweze kurudi nyuma.

Ugumu ni kwamba vyombo hivi vimetengenezwa na watu wenye intaneti ya kudumu. Programu inapojengwa kwa mara ya kwanza, kompyuta inavuta kutoka mtandaoni vipande vingi inavyovitegemea. Kwa jumla, ni gigabaiti kadhaa. Anayejaribu hilo kwa mtandao wa simu kijijini anaweza kumaliza pesa zake za megabaiti kabla hajaona kitu.

Njia inayofaa ni kumaliza hatua hiyo mahali penye mtandao mzuri. Fundi anapakua kila kitu, anajenga programu mara moja hadi ifaulu, kisha anazima intaneti na kuijenga tena. Ikikubali, karakana iko tayari kusafiri. Ikikataa, kuna kipande kilichosahaulika. Nakala ya pili ya kila kitu inawekwa kwenye diski ya nje.

Kuna mtego mwingine. Programu ya mwaka 2019 mara nyingi inakataa kujengwa kwa vyombo vya leo. Kwa hiyo fundi anapaswa kuchukua matoleo ya zamani ambayo programu hiyo ilitengenezewa, na kuyaandika kwenye daftari ili mwenzake asipoteze wiki nzima akiyatafuta.

Kubadilishana kazi pia kunawezekana bila mtandao. Git inaweza kufunga mabadiliko yote katika faili moja, linaloingia kwenye flashi na kusafiri kwa pikipiki hadi kwa fundi mwingine.

Umeme na waalimu

Pale umeme unapotoka kwenye paneli ya jua, kila wati ina hesabu yake. Kujaribu programu kwenye tableti halisi, iliyounganishwa kwa waya wa USB, kunakula nguvu kidogo kuliko kuigiza tableti ndani ya kompyuta.

Tena, si kila kazi inahitaji fundi wa msimbo. Kolibri, programu huria ya shirika la Learning Equality la Marekani, inawekwa kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi, na kugawia tableti za darasa masomo kwa wifi bila intaneti. Mwalimu anaweza kuitumia bila kugusa msimbo.

Lakini maneno ya masomo hayapaswi kuchaguliwa na fundi peke yake. Waalimu na wazazi wa Kashuga ndio wanaojua mtoto wao anaita nini kila kitu. Wao waseme, fundi aandike, kisha watoto wajaribu.

Karakana kama hii haizuii vita wala hailipi mshahara wa mwalimu. Ila diski inayoingia mfukoni inaweza kuondoka na familia inayokimbia, na kufunguliwa tena pale familia hiyo itakapopata hema, kompyuta na jua. Kwa watoto ambao masomo yao yamekatika mara nyingi, kuanzia pale walipoachia ni afadhali kuliko kurudi kila mara kwenye herufi ya kwanza.