Fahamu: Kwa nini wapiga picha wa kwanza walipenda sanamu
Sanamu za mtindo wa Wagiriki na Warumi wa kale zilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kupigwa picha baada ya ufundi wa kupiga picha kutangazwa mwaka 1839. Wakati huo picha moja ilihitaji mwanga kwa dakika kadhaa. Binadamu hutikisika, sanamu hutulia. Weupe wa marumaru na plasta nao uliakisi jua vizuri.

Mwingereza William Henry Fox Talbot alipiga picha mara nyingi sanamu ya plasta ya Patroclus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akibadilisha upande wa mwanga, na kuchapisha picha zake mbili katika kitabu cha 1844–1846. Miaka ya 1850, mpiga picha Roger Fenton alipiga picha sanamu za British Museum, London. Picha ziliwezesha kulinganisha sanamu za miji tofauti bila kusafiri.