Ayani ndefu ni tamu kwa macho, lakini fupi ndiyo itakulinda uwanjani

Muuzaji aliziita "mali safi". Ayani mbili za gofu, namba 3 na namba 4, zimechakaa kidogo mpini lakini chuma bado kinang'aa. Shilingi 1,500 zote mbili. Kwenye lundo hilohilo kulikuwa na namba 7 moja ikiuzwa bei ya hizo mbili, na namba 9 haikuwepo kabisa. Nikajiambia, mbona ninunue fimbo moja fupi na ninaweza kubeba mbili ndefu? Si ndefu ndiyo inapeleka mpira mbali?

Wikendi hiyo nikaenda uwanja wa mazoezi na kulipia ndoo ya mipira. Manze, aibu niliyoiona huko! Mipira ilitambaa chini kama panya anayekimbizwa jikoni. Michache iliyokubali kupaa ilipinda kulia ikaishia kwenye ua. Kando yangu katoto ka miaka kama kumi kalikuwa kanapiga mipira juu, inaanguka palepale kanapotaka. Ndoo ilipoisha, mikono ilikuwa inawasha. Ukiupiga mpira vibaya kwa ayani ndefu, chuma kinatetemeka hadi unakisikia kwenye meno.

Kwenye ploti yetu tunaishi na mzee mmoja ambaye amekuwa kedi miaka mingi. Jioni nikampelekea fimbo zangu. Akazigeuzageuza, akacheka.

"Kijana, ulijiuliza kwa nini hizi zilikuwa bei ya kutupa?"

"Hapana, mzee."

"Kwa sababu mwenye alizinunua kwanza pia zilimshinda."

Namba zinamaanisha nini?

Kama wewe ni mgeni kwa gofu, elewa hivi. Seti ya ayani kwa kawaida huanzia namba 3 au 4 hadi 9, kisha weji. Namba ikiwa ndogo, fimbo ni ndefu na uso wake umesimama karibu wima. Namba ikipanda, fimbo inafupika na uso unalala ukitazama juu. Kwa hivyo 3 na 4 ndizo huitwa ndefu, 5 hadi 7 ni za kati, na 8, 9 na weji ni fupi.

Kwenye seti nyingi za kitambo, uso wa namba 3 umelala nyuzi 20 hivi, namba 7 nyuzi 34, na namba 9 nyuzi 42. Seti za siku hizi zimesimamishwa zaidi, na namba 7 unaweza kuipata na nyuzi 30 au hata chini ya hapo. Ndiyo maana msee fulani atakuringia kwamba 7 yake inafika mbali kuliko yako, kumbe ni namba 6 iliyovishwa jina la 7.

Urefu nao hupungua takriban nusu inchi kwa kila fimbo. Namba 3 ina kama inchi 39, namba 9 inchi 36. Inchi tatu zinaonekana ni kitu kidogo, lakini hapo mpira umekuwa mbali zaidi na mwili wako, na kosa dogo la mkono linafika kwenye chuma likiwa kubwa. Tena uso ulio wima hausamehe. Ukifunguka kidogo tu, mpira unapinda sana. Kosa hilohilo ukilifanya na namba 9, mpira utatoka nje kidogo ya shabaha na maisha yataendelea.

Kosa letu sisi wageni

Tukiona uso umesimama, tunaingiwa na hofu kwamba mpira hautapaa. Basi tunajaribu kuuinua kwa mikono, tunaegemea nyuma, na chuma kinaugonga mpira kichwani. Mzee aliniambia kazi ya kuinua mpira si yangu, ni ya uso wa fimbo. Yangu ni kugonga mpira kwanza, nyasi baadaye.

Ukiwa na fimbo fupi, mpira unauweka katikati ya miguu. Ukiwa na ndefu, unausogeza mbele kidogo, upande wa mguu ulio karibu na unakolenga, na fimbo inapita chini kwa mteremko mdogo zaidi. Mwendo wa mwili ni uleule. Ukianza kupiga kwa hasira eti kwa sababu fimbo ni ndefu, umekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawatakuambia. Ayani ndefu inahitaji kasi. Bila kasi, mpira haupandi vya kutosha, unaanguka mapema. Mtu wa mkono wa polepole anaweza kupiga namba 4 na namba 6 na mipira ikatua karibu mahali pamoja, tofauti ikiwa kwamba ile ya 6 ilienda moja kwa moja. Sasa hiyo 4 unaibebea nini?

Kipimo cha mzee ni rahisi na hakina gharama. Piga mipira kumi kwa kila fimbo. Usihesabu ule mmoja uliofika mbali, maana huo ndio unaotudanganya. Hesabu ni mingapi imetua mahali ambapo ungeweza kuendelea na mchezo. Ukifika kwenye fimbo ambayo haipiti ile iliyoitangulia, simama hapo. Hiyo ndiyo mwisho wako kwa sasa.

Lakini ndefu si takataka

Tusizitupe kabisa. Mwaka 1950, kwenye mashindano ya U.S. Open pale Merion, Marekani, Ben Hogan alipiga ayani namba 1, ndefu kuliko hizi zangu, kwenye shimo la mwisho. Mwaka uliotangulia alikuwa ameponea chupuchupu katika ajali ya gari. Mpira ukafika kwenye grini, akapata nafasi ya kurudiana na wenzake, na kesho yake akashinda. Na mwaka 2006, Tiger Woods alishinda Open ya Uingereza pale Hoylake akitumia dreva mara moja tu wiki nzima. Ardhi ilikuwa kavu na ngumu, kwa hivyo alianzisha mashimo mengi kwa ayani ndefu, mpira ukawa unaruka chini na kubingirika bila kuingia kwenye mitego ya mchanga.

Hapo unaona kazi ya ndefu: upepo unapokukabili, ardhi inapokuwa ngumu, au matawi yanapokuzuia kupiga juu. Fupi ni ya kutua. Inapanda juu, inashuka na kusimama karibu na bendera. Na mpira ukiwa umezama kwenye nyasi ndefu, chukua fupi bila mjadala, kwa sababu nyasi zitaishika shingo ya ile ndefu na kuigeuza.

Ukisafiri pia fikiria upya. Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaenda mbali kuliko kule Mombasa. Shimo ambalo huku ungelifikia kwa namba 8, Nyali linaweza kukudai 7, na upepo wa bahari ukivuma, hata 6.

Pesa yako iende wapi?

Sheria zinaruhusu fimbo 14 kwenye mkoba, lakini hakuna anayekulazimisha kuzijaza. Kama unaanza na mfuko ni mwepesi, tafuta namba 7, namba 9, weji moja na fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Zikikubali mkono wako, ongeza ya 5. Badala ya 3 na 4, wengi siku hizi hununua haibridi, yenye kichwa kinene kinachoupandisha mpira kwa urahisi. Hata wachezaji wa kulipwa huzibeba, kwa hivyo usione haya.

Jumatatu moja, siku ambayo klabu anayofanyia kazi huwaachia makedi uwanja, mzee alinichukua tucheze wawili dhidi ya vijana wawili. Dau lilikuwa mia tano kila mtu. Tulifika shimo la mwisho tukiwa sawa. Mpira wangu ulikuwa mita 160 kutoka kwenye grini, na bwawa liko mbele yake. Mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye namba 4.

Mzee hakunikataza. Aliuliza tu, "Kati ya kumi, ngapi?"

Nilikuwa nimehesabu wiki hiyo. "Mbili."

"Na ya 9?"

"Saba."

Nikachukua 9, nikaupeleka mpira mbele ya bwawa. Weji ikaupandisha kwenye grini, nikasukuma mara mbili ukaingia. Nimezidisha pigo moja, si haba kwa mtu kama mimi. Mzee naye alipata hivyohivyo. Kisha kijana mmoja wa upande ule akachomoa ayani ndefu, akaupitisha mpira juu ya maji kama anayerusha karatasi, akamaliza kwa nne. Tukatoa mia tano zetu.

Njiani nikamwambia mzee kwamba labda ningejaribu ile 4. Akatikisa kichwa. "Yule ameipiga tangu akiwa mtoto. Wewe una wiki tatu. Ungepoteza mia tano ileile, na mpira juu."

Zile fimbo mbili bado ninazo. Kila nikienda mazoezini, nikimaliza na 7 na 9, naipa namba 4 mipira kumi ya mwisho na kuhesabu. Wiki iliyopita zilikuwa tatu.