Kumshinda Mtu Si Kushinda Hoja

Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga, na mimi ni shahidi wa usemi huo. Leo nataka niwasimulie wasomaji wapenzi habari ya usiku nilioshinda mjadala mbele ya watu wazima, nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa.

Ilikuwa baada ya sala ya Isha, barazani petu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kahawa ilikuwa ikipita, na mazungumzo yalikuwa juu ya shauri lililoletwa mtaani: sehemu ya pwani ambapo wavuvi hupandisha vyombo vyao ifanywe soko la jioni. Karibu sote tulilipenda. Vijana wangepata pa kuuzia, na mtaa ungechangamka. Mzee mmoja tu hakuridhika, naye ni mtu ambaye mimi humwita ami kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Alisema kwamba wenye vyombo ni wachache, nao ndio watakaoumia. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu mikono ya wanaotaka soko, wavuvi wasikizwe kwanza na waonyeshwe pa kwenda.

Nami nikadakia. “Ami, yaani wenye mashua kumi ndio watutawale sote? Basi kesho mmoja wao akipiga chafya, mji mzima unywe dawa!” Baraza likaangua kicheko. Nikapigilia msumari kwa methali: “Wengi wape!” Wenzangu wakanipigia makofi. Ami hakujibu neno. Alimaliza kikombe chake, akachukua bakora yake, akaaga. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Kwa muda wa wiki mbili mahali pake palikuwa wazi.

Mimi nilijua nilichokifanya. Ami hakusema wachache watawale. Alisema wachache wasikizwe. Nilimvika maneno yasiyo yake, nikayapiga mawe maneno hayo, na watu wakadhani nimeipiga hoja yake.

Katika kutafuta dawa nilifungua kitabu ambacho watu wa pwani tumekizoea, Ihya Ulum al-Din cha Imam Ghazali. Katika sehemu ya elimu, Imam ameeleza habari za munadhara na masharti yake. Moja katika masharti hayo ni kwamba mwenye kujadiliana awe kama mtu aliyepotelewa na mnyama wake: hajali kama ataonwa na yeye mwenyewe au na mwenziwe anayemsaidia kutafuta, na akionwa na mwenziwe humshukuru. Sharti jingine ni kupenda zaidi kujadiliana faraghani kuliko mbele ya makundi ya watu na wakubwa, kwani penye watazamaji nafsi hutaka kusifiwa. Niliposoma hayo nilikifunga kitabu kwa haya. Mimi sikuwa nikitafuta kilichopotea. Nilikuwa nikitafuta makofi.

Tena Imam huyu hakuishia kuusia. Alipotaka kuwajibu wanafalsafa wa zama zake, huko Baghdad alikokuwa akisomesha katika madrasa ya Nizamiyya, hakuanza kuwashambulia. Katika kitabu cha maisha yake, al-Munqidh min al-Dalal, anaeleza kwamba alitumia muda usiotimia miaka 2 kusoma vitabu vyao katika saa alizopata nje ya kazi, kisha karibu mwaka mzima kuyatafakari aliyoyasoma. Aliandika kitabu kizima, Maqasid al-Falasifa, kueleza tu wanachosema. Kitabu hicho kilipofasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, wasomi wengi wa Ulaya walidhani Ghazali mwenyewe ni mmoja wa wanafalsafa hao! Jibu lake lenyewe, Tahafut al-Falasifa, lilitoka mwaka 1095, lenye masuala 20.

Kuna kisa kingine katika kitabu hicho cha maisha yake. Alipowajibu watu wa madhehebu ya Batini, baadhi ya wenzake walimlaumu kwamba amezipanga hoja za wapinzani vizuri mno, hata kana kwamba amewafanyia kazi yao. Yeye alijibu kuwa hoja ile ilikwisha enea miongoni mwa watu, na huwezi kulijibu jambo mpaka kwanza ulieleze. Wala hakutaka adhaniwe kuwa hakuielewa.

Karibu mwaka 1180, huko Andalusi, Ibn Rushd aliandika Tahafut al-Tahafut kumrudi Ghazali. Maneno yake ni makali, lakini tazameni namna alivyokipanga kitabu: ananukuu kauli ya Ghazali kipande baada ya kipande, ndipo atoe jibu. Humo anakumbusha kuwa uadilifu ni kumtafutia mpinzani wako hoja kama unavyojitafutia wewe mwenyewe. Wawili hawa hawakukubaliana, na mpaka leo wanavyuoni wanaendelea kuwapima. Twaweza kuwapima kwa sababu kila mmoja aliyaacha maneno ya mwenziwe yasomeke.

Pengine msomaji atauliza, haya yanahusu nini soko la samaki na siasa za mtaa? Yanahusu sana. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika juu ya mji bora na akataja sifa 12 za kiongozi wake. Miongoni mwao ni ufasaha wa ulimi, na miongoni mwao ni kupenda ukweli na kuchukia uongo. Ameziweka zote mbili katika orodha moja, kwa sababu ulimi mzuri bila ya kupenda ukweli ni kisu mikononi mwa mlevi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 10, nayo imetaja ushirikishwaji wa wananchi pamoja na ulinzi wa waliotengwa. Mikono mingi ikiinuliwa yaweza kuamua jambo, lakini kama mwenye kuumia amechekwa akanyamaza, waliopiga kura hawakujua walichokipigia.

Basi siku moja baada ya Alasiri nilikwenda kwa ami nikapiga hodi. “Shikamoo, ami.” “Marahaba, mwanangu, karibu ndani.” Nikamwambia: “Nataka niyaseme uliyoyasema wewe, unisahihishe nikikosea.” Nikayasema. Akatikisa kichwa, akaniambia nimesahau jambo moja: wakati wa kusi kali hapana pengine karibu penye kinga ya kupandisha chombo. Hilo mimi sikulijua kabisa. Nikayarudia tena, naye akasema, “Naam, hayo ndiyo yangu.” Ndipo nikamweleza ya kwangu, juu ya vijana wanaoshinda bila kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikubali kuwa shida yao ni kweli, lakini juu ya soko hatukuafikiana.

Usiku ule tulikwenda barazani pamoja. Imam amependelea mjadala wa faragha, lakini niliyemtukania mbele ya watu ilinipasa nimtake radhi mbele ya watu. Nilisimama nikasema: “Ami hakusema wachache watutawale. Alisema wasikizwe kwanza. Mimi niliyageuza maneno yake ili mcheke.” Hapakuwa na makofi. Muuza kahawa alimjazia ami kikombe, na mmoja wetu akauliza: “Ami, na hiyo kinga ya kusi, ni upande gani hasa?”

Ndipo mjadala ulipoanza.