Mshale, Sumu na Mapigo ya Moyo

Ukitoka Lilongwe mjini kuelekea kaskazini kwa barabara ya M1, msimu wa mnada, eneo la Kanengo hujitangaza kwa harufu kabla hujayaona maghala yake. Ni harufu ya tumbaku iliyokaushwa. Abiria wanaopita hapo kwenda kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, wengi wao wakiongea Kiswahili cha Kivu au cha Bujumbura, wameshaizoea. Nikotini iliyomo katika jani hilo ni sumu ambayo mmea hujitengenezea ili wadudu wasiutafune. Kwa hiyo Malawi inaishi kwa kuuza sumu ya mmea, na tumbaku si ya kwanza. Mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na kahawa na pembe za ndovu, nchi hii iliuza Ulaya mbegu za mmea utambaao uitwao kombe. Wawindaji wa bonde la Shire walikuwa wakipaka sumu ya mbegu hizo kwenye mishale yao.

Kwa nini mshale upakwe sumu? Jibu linaonekana vizuri zaidi kwa kumtazama mwindaji ambaye haitumii kabisa.

Mwindaji huyo yuko Kanada au kaskazini mwa Marekani, na anajiandaa kumwinda dubu mweusi kwa upinde wa kifyatulio, yaani upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, ambao upote wake huvutwa, ukanaswa na kusubiri kidole. Pinde za siku hizi za aina hiyo hurusha mshale kwa mwendo wa mita 100 na zaidi kwa sekunde. Hata hivyo, mwindaji makini hafyatui akiwa mbali. Hujizoeza kwa wiki kadhaa kulenga shabaha iliyo umbali wa mita 20 au 30, huku akinoa vigumba na kujifunza umbo la mnyama: moyo uko wapi, mapafu yameanzia wapi, na mguu wa mbele ukae vipi ndipo mbavu ziwe wazi. Mshale wake hauna kazi nyingine ila kukata mishipa ili damu imwagike. Risasi huvunja mifupa kwa kishindo, lakini mshale hauna kishindo hicho. Dubu naye ana mafuta mengi na manyoya mazito, ambayo huziba jeraha na kuifyonza damu, hata nyayo zake zikawa ngumu kufuatwa. Kosea kidogo, na mnyama amekwenda kufia asikojulikana.

Afrika nako upinde wa kifyatulio ulijulikana, na hapo ndipo sumu inapoingia. Wafang wa Gabon na nchi jirani waliutumia tangu zamani, ukiwa wa mbao, na vishale vyake vilikuwa vyembamba mno kumwangusha mnyama kwa nguvu zake. Viliua kwa sababu vilipakwa sumu. Wambuti wa msitu wa Ituri, ambao baadhi ya wakazi wa Dzaleka kutoka mashariki mwa Kongo wanawajua vizuri, huwapiga nyani kwa mishale ya sumu. Karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, Wahadzabe wana sumu mbili, na mojawapo hutoka kwenye mbegu za mmea wa jamii moja na kombe. Kenya, Wakamba na Waata walitegemea sumu ya mti wa msunguti. Waata ndio wa kustaajabisha: pinde zao zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta, na kwa pinde hizo waliwinda tembo katika nyika ya Tsavo, mpaka serikali ya kikoloni ilipowaandama katika miaka ya 1950.

Maandalizi ya sumu yenyewe ni kazi ya subira. Kwa msunguti, mti huchemshwa kwa saa nyingi hadi maji yabaki uji mweusi mzito kama lami. Uji huo hupakwa nyuma ya chembe ya mshale, kisha huviringishwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi. Ngozi hiyo huizuia sumu isikauke ikapoteza makali, na pia humlinda mwenye podo, kwani mchubuko mmoja unaweza kuwa wa mwisho wake. Anayeifanya kazi hiyo ni mkemia, hata kama hakuna shule iliyompa cheti.

Sumu ya kombe na ya msunguti hufanya kazi ileile moyoni. Kila chembe hai ya mwili ina pampu ndogo sana kwenye utando wake, ambayo kila mzunguko hutoa nje chembechembe tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Sumu hii huikwamisha pampu. Sodiamu hujaa ndani, kalsiamu nayo huongezeka, na misuli ya moyo hujikaza kwa nguvu kuliko kawaida. Ikiwa kidogo, moyo hupiga polepole na kwa nguvu. Ikizidi, mapigo huvurugika, kisha moyo husimama. Pampu yenyewe iligunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Sumu ya msunguti imekuwa miongoni mwa zana kuu za wanasayansi wanaoichunguza pampu hiyo.

Wazungu waliijua kombe kupitia John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefuatana na David Livingstone katika safari ya Zambezi ya 1858 hadi 1864. Kirk alikuwa ameweka sampuli ya sumu mahali pamoja na mswaki wake. Siku moja alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, akajipima mapigo ya moyo na kukuta yamepungua. Ndiye huyohuyo ambaye baadaye, akiwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alimbana Sultani Barghash hadi akatia saini mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Sampuli za kombe zilifika Edinburgh kwa Thomas Fraser, ambaye utafiti wake uliigeuza sumu hiyo kuwa dawa ya moyo. Majina ya Kirk na Fraser yamo vitabuni. Wamang'anja wa bonde la Shire walioijua kabla yao hawatajwi hata mmoja kwa jina, na hilo si haki.

Kuna jambo lililowaudhi madaktari ambalo wawindaji walikuwa wakilifaidi siku zote. Nyama ya mnyama aliyepigwa kwa mshale wa kombe huliwa. Wawindaji walikata sehemu iliyozunguka jeraha na kuitupa, na huku Malawi imeandikwa kwamba walimimina maji ya gome la mbuyu kwenye jeraha ili kuondoa makali. Lakini kinga kubwa ilikuwa tumboni mwa mlaji: utumbo hufyonza sehemu ndogo tu ya sumu hii. Tabia hiyohiyo iliifanya dawa ya kumeza isitabirike, leo imezidi, kesho haifanyi kitu. Mwaka 1906 Albert Fraenkel wa Ujerumani akaanza kuidunga moja kwa moja kwenye mshipa. Hatimaye digoksini, dawa ya jamii hiyohiyo inayotokana na ua la Ulaya, ilitawala kwa sababu inafyonzwa vizuri zaidi inapomezwa.

Tukirudi kwenye mshale, siku hizi kuwinda Malawi bila kibali ni hatari kwa sababu nyingine kabisa: sheria. Marekebisho ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2017 yanaruhusu kifungo cha hadi miaka 30 kwa makosa makubwa dhidi ya wanyama wanaolindwa.

Kwa upande wa dawa, digoksini bado inatumika hospitalini, na umbali kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni mdogo, kama ilivyo kwa kombe. Anayeimeza asiongeze kidonge kufidia alichosahau jana, wala asiichanganye na mizizi ya mganga. Akianza kutapika au kuona vitu kwa rangi ya manjano, au mapigo yake yakipungua sana, aende hospitali siku hiyohiyo, akiwa na pakiti ya dawa mkononi.