Mvua ikianza, usikimbilie shimoni

Msee, huku kwetu hakuna theluji ya kukuporomokea. Lakini mlima hauhitaji theluji ili ukufunike. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019 kule West Pokot, mvua kubwa iliangusha udongo juu ya nyumba za watu waliolala. Zaidi ya 40 walifariki.

Sasa tuje huku. Homa Bay kuna milima ya Gwassi. Migori kuna mashimo ya dhahabu Nyatike, pande za Macalder na Osiri. Mteremko na shimo, hatari ni ile ile: udongo uliosimama vizuri ukiwa mkavu hausimami hivyo ukilowa.

Mbona mwanzo wa msimu ndio noma? Kiangazi hupasua ardhi. Masika yakigonga, maji yanapitia nyufa moja kwa moja hadi pale udongo unapokutana na mwamba. Hapo chini panateleza, huku juu uzito unaongezeka. Piga hesabu: milimita 10 tu za mvua kwenye ekari 1 ni kama tani 40 za maji. Na kama miti ilishakatwa ya makaa, mizizi ya kushikilia udongo itatoka wapi?

Shimoni ni mbaya zaidi. Mbao zinazozuia kuta huoza, na rundo la udongo lililoachwa mdomoni linalowa na kulemea ukingo. Jua likirudi unadhani mambo yameisha, kumbe maji bado yako ndani.

Ardhi huwa inaonya. Kwenye mteremko, angalia ufa mpya, nguzo ya stima iliyoinama, mlango unaokwama ghafla, kijito kinachogeuka matope. Shimoni, sikiliza mbao zikilia na changarawe ikidondoka. Ukiona dalili moja, toka. Usirudie sururu wala simu.

Najua utauliza: nisiposhuka leo nitakula nini? Swali la haki. Ndiyo maana hili si la mtu mmoja. Sheria ya Madini ya 2016 inatambua wachimbaji wadogo wenye kibali, kwa hivyo jipangeni kama kikundi na mkubaliane mapema: mvua ikinyesha, hakuna kushuka hadi shimo likaguliwe. Mmoja akikataa, ataambiwa ni mwoga na nafasi yake ipewe mwingine. Wote mkikataa, shimo litangoja.

Dhahabu haiozi. Wiki ijayo itakuwa pale pale.